Kukarabati sakafu na umeme wa karavani ya zamani: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Makosa ni yale yale. Mtu anaona sakafu imebonyea karibu na mlango, anakata mraba wa nusu mita, anapachika kipande kipya cha plaiwudi na kutandika zulia juu. Mvua mbili baadaye pamebonyea tena, safari hii mpaka chini ya kitanda. Kwenye umeme, anaunga taa mpya kwenye waya wa zamani, fyuzi inakatika, anaweka kubwa zaidi. Hapo taa inawaka, na waya nao unaanza kupata moto ndani ya ukuta.

Tatizo ni mpangilio. Sakafu ya karavani huoza kuanzia pembeni, chini ya ukuta, ambako jicho halifiki. Nyaya nyingi nazo hupita chini ya sakafu hiyo hiyo, kwa hiyo anayezitenganisha kazi hizi mbili hufumua sakafu mara mbili. Mpangilio ni huu: maji, fremu, njia za waya, sakafu, umeme, na fanicha mwisho kabisa.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kwa sakafu:

- Plaiwudi ya nje au ya baharini, yenye gundi isiyoyeyuka kwa maji. Unene uwe ule ule wa zamani, kwa kawaida milimita 15 hadi 18.
- Epoksi nyepesi ya kupenya kwenye mbao, na brashi za kutupa.
- Skrubu za kujitoboa za kufungia mbao kwenye chuma, na bolti za milimita 6 zenye washa pana. Ziwe za chuma kisichoshika kutu au zilizopakwa zinki.
- Tepu ya butili, gundi ya kuzibia ya poliyurethani, dawa ya kugeuza kutu, praima ya zinki na rangi ya chesisi.
- Jeki, stendi nne hadi sita, msumeno wa mviringo wenye kina kinachorekebishika, na msumeno mdogo wa umeme wa kutetema kwa kona.
- Msharasi au bisibisi nyembamba, na kipima unyevu cha mbao.

Kwa umeme:

- Waya wa shaba wenye nyuzi nyingi, ikiwezekana uliopakwa bati: milimita za mraba 1.5, 2.5, 4 na 16.
- Boksi la fyuzi, fyuzi kuu na kishikio chake, swichi ya kukatia betri, na baa mbili za kuunganishia, moja ya chanya na moja ya hasi.
- Koleo maalumu la kubana vichwa vya waya, lile lisiloachia mpaka mbano ukamilike. Koleo la kawaida halifai.
- Mipira ya kunywea kwa joto, raba za kuwekwa kwenye matundu ya chuma, vishikizo, na paipu laini za kupitishia waya.
- Multimita.

Usinunue plaiwudi iliyotiwa dawa ya shaba ya kuzuia kuoza. Ni nzuri kwa uzio, lakini ikilowa dawa ile hula alumini na chuma kinachoigusa. Mbao za vumbi na za vipande vilivyogandamizwa pia ziache: zikilowa mara moja huvimba, na hazirudi.

## Hatua ya 1: Zuia maji

Sakafu ikioza, tazama juu. Maji huingia kwenye maungio ya paa, fremu za madirisha, matundu ya hewa, taa za nje na reli za pembeni. Huteremka ndani ya ukuta na kutua kwenye ukingo wa plaiwudi. Ndiyo maana katikati ya chumba huwa pakavu wakati kona zimekuwa unga.

Mwagilia kwa mpira wa maji ukianzia chini kupanda juu, dakika kumi kila sehemu, mtu mwingine akiwa ndani na tochi. Ukianza juu, maji yatalowesha kila kitu njiani na hutajua yameingilia wapi. Ukianza chini, mahali tone la kwanza linapotokea ndipo penye tundu.

Fremu za dirisha zinazovuja zifungue kabisa, safisha, weka tepu ya butili, kisha zifunge upya. Kupaka silikoni juu ya silikoni ya zamani ni kupoteza siku: haishiki, na mabaki yake huzuia hata gundi nyingine kushika.

Umefaulu kama: baada ya nusu saa ya kumwagilia paa na kuta, ndani hakuna tone. Usiendelee kabla ya hapo.

## Hatua ya 2: Tuliza mwili wa karavani

Sakafu hubeba zaidi ya miguu yako. Katika karavani za fremu ya mbao na bati la alumini, kuta zimesimama juu yake. Katika zile za ganda la alumini kama Airstream, plaiwudi imebanwa kati ya chesisi na ganda, na bolti hupita vyote vitatu. Ukiing'oa yote kwa mkupuo, mwili unalegea na kupinda.

1. Egesha mahali pagumu na tambarare, zuia magurudumu, weka stendi chini ya nguzo kuu za chesisi karibu na ekseli na kwenye ncha zote mbili. Stendi isikae chini ya sakafu wala chini ya bomba.
2. Sawazisha kwa pima maji, mbele-nyuma na kushoto-kulia.
3. Pima mshazari wa fremu ya mlango, kona hadi kona, pande zote mbili. Andika vipimo ukutani kwa penseli. Utavihitaji.
4. Funga mbao za muda kutoka ukuta hadi ukuta, na kutoka sehemu ya sakafu isiyooza hadi darini.
5. Funga mtungi wa gesi na uchomoe laini yake. Chomoa betri na umeme wa nje.
6. Piga picha kila kitu kabla ya kukitoa. Kila skrubu iingie kwenye mfuko wenye jina.

Kuna tahadhari mbili za kiafya. Vigae vya vinili vya zamani na gundi nyeusi iliyo chini yake vinaweza kuwa na asbesto, hivyo usivipige msasa wala kuvivunja kabla kipande hakijapimwa maabara. Kinyesi cha panya nacho usikifagie kikiwa kikavu. Kiloweshe kwa maji yenye dawa ya klorini, sehemu moja kwa kumi, subiri, kisha kifute ukiwa umevaa glavu na barakoa.

## Hatua ya 3: Tafuta uozo ulipoishia

Chukua msharasi, uuchome kila sentimeta 10 kufuata ukuta mzima. Mbao nzima inakataa na kutoa sauti kavu. Iliyooza inaukubali kama mkate, na ukiutoa unakuja na nyuzi fupi zinazokatika. Sehemu za kuangalia kwa makini ni mlangoni, kona zote nne, chini ya sinki, pembeni mwa choo na ukuta wa nyuma karibu na bampa.

Kipima unyevu kikisoma chini ya asilimia 15, pako sawa. Zaidi ya asilimia 20 ukungu wa kuozesha una mazingira ya kuishi, hata kama mbao bado inaonekana ngumu.

Chora mpaka wa uozo kwa chaki, kisha usogeze sentimeta 20 ndani ya mbao nzima, mpaka katikati ya boriti inayofuata. Hapo ndipo pa kukata. Kiungo kisicho na boriti chini yake kitabonyea tu.

## Hatua ya 4: Ng'oa kwa awamu

Rekebisha kina cha msumeno kiwe sawa na unene wa sakafu, usizidishe hata milimita mbili. Chini kuna nyaya, mabomba, na pengine laini ya gesi. Kata mistari mirefu kwa msumeno wa mviringo, kisha malizia ukingoni mwa ukuta kwa ule mdogo wa kutetema.

Toa si zaidi ya theluthi moja ya sakafu kwa wakati mmoja. Maliza kipande hicho mpaka kifungwe, ndipo uende kingine. Ni polepole, lakini utaratibu huo ndio uliookoa karavani nyingi zisipinde kama ndizi.

Bolti zilizoganda kwa kutu usizipige nyundo. Mtikisiko hulegeza ribiti za bati la nje. Zikate kichwa kwa grainda, ukiwa umefunika kioo na bati kwa kitambaa kinene kilicholowa, na ndoo ya maji iwe pembeni. Povu la kuzuia joto na vumbi la mbao hushika moto kwa cheche moja.

## Hatua ya 5: Tibu fremu

Gonga chesisi kwa nyundo ndogo. Chuma kizima kinalia, kilicholiwa kinatoa sauti butu au kinabaki na shimo. Angalia zaidi mikono ya pembeni inayotoka nguzo kuu hadi ukutani, maana hukaa pale pale maji yanapotua. Mkono uliotoboka hautibiki kwa rangi. Unakatwa na kuchomelewa mwingine. Kazi hiyo mpe fundi wa kuchomelea. Kabla hajawasha mashine, ondoa povu, mbao na nyaya zote za jirani.

Kutu ya juu juu isugue kwa brashi ya waya, paka dawa ya kugeuza kutu, halafu praima ya zinki, halafu rangi mikono miwili. Acha ikauke kabisa. Rangi mbichi ikifunikwa na plaiwudi hubaki laini na kubanduka.

Palipo na chuma na alumini vinavyogusana, weka utepe wa kutenganisha. Metali hizi mbili zikikutana na maji ya chumvi au matope, alumini ndiyo inayoliwa.

## Hatua ya 6: Laza njia za waya kabla ya kufunga

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu. Wakati sakafu iko wazi, funga paipu za kupitishia waya: moja kutoka ulimi wa trela hadi sehemu ya betri, moja hadi nyuma kwa taa za barabarani, na moja ya akiba. Acha uzi wa kuvutia ndani ya kila paipu. Umeme mkubwa, ule wa volti 120 au 230 kutoka nje, upewe paipu yake peke yake, usichanganywe na wa volti 12 wa betri.

Kama unaweka povu gumu la kuzuia joto kati ya boriti, hakikisha waya wenye ganda la PVC haugusi povu la polistirini. Ganda hilo hupoteza mafuta yake kwenye povu, linakuwa gumu na kupasuka. Paipu inatatua hilo pia. Pamba ya kioo usiiweke chini ya sakafu: inashika maji, na panya wanaipenda kuliko wewe.

## Hatua ya 7: Kata, ziba na funga plaiwudi

Anza na violezo vya katoni. Kona ya karavani ya zamani haina duara kamili hata kama inaonekana hivyo. Kushoto na kulia zinaweza kupishana sentimeta nzima. Kata vipande vya katoni vya upana wa kiganja, visukume mpaka viguse ukuta, vigandishe pamoja kwa gundi ya karatasi. Umbo linalobaki ndilo la kukata. Lihamishie kwenye plaiwudi, kata, jaribu kulipachika likiwa kavu, punguza kwa msasa, jaribu tena.

Toboa matundu yote ya bolti na mabomba kabla ya kupaka epoksi. Tundu linalotobolewa baadaye ni mlango mpya wa maji.

Sasa paka. Juu na chini mikono miwili, kingo mitatu. Utaona ukingo unavyokunywa mkono wa kwanza: dakika tano tu unageuka mkavu na wa kijivu, kana kwamba hujapaka kitu. Paka tena kabla haujaganda. Ukingo ukibaki na mng'ao, umeshiba. Usisahau kupaka ndani ya tundu la bolti. Tumia kijiti chenye pamba.

Acha nafasi ya milimita 3 kati ya ubao na ubao, ijaze gundi ya poliyurethani. Mbao hupanuka, zikibanana zinainuka katikati.

Skrubu ziwe kila sentimeta 15 kwenye kingo na kila sentimeta 30 katikati, na vichwa vizame kidogo tu chini ya uso. Bolti za ukutani kaza kwa zamu, upande huu kisha ule, kama unavyokaza nati za gurudumu.

Umefaulu kama: mshazari wa mlango haujabadilika zaidi ya milimita 5, mlango unafunga bila kusukumwa, na mtu mzima akitembea hakuna sauti. Ikilia, kuna skrubu iliyotoboa mbao lakini haikushika chuma. Itafute sasa.

## Hatua ya 8: Piga hesabu ya waya

Karavani ina mifumo miwili ya umeme: volti 12 kutoka betri, na umeme mkubwa wa volti 120 au 230 kutoka nje. Usiziamini rangi za zamani. Katika karavani za Marekani, waya mweusi unaweza kuwa laini ya moto ya volti 120, na mweusi mwingine ukawa chanya ya volti 12. Mweupe nao unaweza kuwa nyutro (waya wa kurudisha umeme mkubwa) huku na hasi ya volti 12 kule. Waya usioujua ni waya wa kuondoa. Ukikuta waya za alumini za umeme mkubwa, zitoe zote, usiziunge na shaba.

Fyuzi inalinda waya. Haijali kifaa. Kwa hiyo chagua waya kwanza, kisha fyuzi isiyozidi uwezo wake. Kiwango salama cha kuanzia:

- mm² 1.5: ampea 10
- mm² 2.5: ampea 15
- mm² 4: ampea 25
- mm² 16: ampea 80

Kisha angalia volti zinazopotea njiani. Zidisha mbili kwa urefu wa waya kwa mita, kwa ampea, kwa 0.0175, gawanya kwa unene wa waya kwa milimita za mraba. Pampu ya maji ya ampea 7 iliyo mita 5 kutoka boksi la fyuzi, kwa waya wa 1.5, inapoteza volti 0.82, karibu asilimia 7. Pampu hiyo italalamika na kupata joto. Kwa waya wa 4 inapoteza volti 0.31, chini kidogo ya asilimia 3, na hicho ndicho kikomo kizuri. Taa za LED zinakula kidogo mno, 1.5 inazitosha.

## Hatua ya 9: Vuta volti 12

Fyuzi kuu ikae karibu kabisa na chanya ya betri, ndani ya sentimeta 20. Kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina ulinzi wowote, na betri ina nguvu ya kukiyeyusha. Baada ya fyuzi inakuja swichi ya kukatia, kisha waya wa mm² 16 hadi boksi la fyuzi ndogo.

Kila kifaa kiwe na waya wake wa hasi unaorudi kwenye baa. Wajenzi wa zamani walitumia bati kama njia ya kurudisha umeme, na leo kila ribiti yenye kutu ni taa inayopepesa. Kutoka baa ya hasi, peleka waya mmoja mnene hadi kwenye chesisi: kwangua rangi mpaka chuma king'ae, funga bolti na washa ya meno, kisha paka grisi.

Viungo vibanwe, visichomelewe kwa risasi. Risasi hupanda ndani ya nyuzi na kuzifanya ngumu, na mtikisiko wa barabara huzikata pale pale ugumu unapoishia. Kila kiungo ukivute kwa mkono. Kikitoka, afadhali kitoke leo.

Palipo na tundu la bati weka raba, na ushikize waya kila sentimeta 45. Betri ya asidi iwe kwenye boksi lenye tundu la hewa kuelekea nje, kwa sababu ikichajiwa inatoa hidrojeni. Chaja ya zamani ya transfoma itoe. Haijui kupunguza chaji betri ikijaa, itachemsha betri mpya mpaka ikauke.

Breki na taa za nyuma. Breki za umeme hula takriban ampea 3 kwa kila gurudumu, hivyo ekseli mbili ni ampea 12: usitumie waya mwembamba. Hasi ipite kwenye plagi ya gari linalokokota, usitegemee mpira wa chuma wa kukokotea. Swichi ya dharura, ile inayofunga breki trela ikichomoka, iunganishwe moja kwa moja na betri kupitia fyuzi yake, isipite kwenye swichi kuu. Mtu akizima swichi kuu, breki za dharura lazima zibaki hai.

## Hatua ya 10: Umeme mkubwa

Hapa unaweza kuvuta nyaya mwenyewe, lakini mtaalamu mwenye leseni aziunganishe au azikague kabla ya kuwashwa. Mpangilio: soketi ya kuingizia ukutani, kisha breka ya kukata waya zote mbili pamoja na swichi ya RCD (inayokata umeme unapovuja) ya miliampea 30, kisha soketi za ndani.

Nyutro na athi (waya wa ardhi) zisikutane ndani ya karavani. Zikikutana, umeme unaorudi utapita pia kwenye bati, na mtu anayegusa kitasa akiwa amesimama kwenye nyasi zilizolowa ataupata. Athi ifungwe kwenye chesisi na kwenye bati la nje kwa waya usiopungua mm² 4.

## Hatua ya 11: Pima kabla ya kurudisha fanicha

1. Karavani ikiwa haijachomekwa, breka imezimwa na vifaa vimechomolewa, pima ohm kati ya nyutro na athi. Multimita isisome muunganiko wowote.
2. Kati ya athi na chesisi isome chini ya ohm moja.
3. Weka fyuzi za volti 12 moja moja, kila mzunguko peke yake. Fyuzi ikikatika, umejua ni waya upi.
4. Washa pampu na upime volti kwenye pampu yenyewe, kisha kwenye betri. Tofauti isizidi volti 0.4.
5. Vuta kipini cha swichi ya dharura, kisha jaribu kuikokota karavani taratibu. Magurudumu yagome.
6. Chomeka umeme wa nje na ubonyeze kitufe cha majaribio cha RCD. Kisipokata papo hapo, chomoa na umwite mtaalamu.
7. Pima volti kati ya bati la nje na fimbo ya chuma iliyochomekwa kwenye udongo wenye unyevu. Isome sifuri au karibu nayo.

Fanicha ikisharudi, endesha kilomita 100 za kwanza kabla ya kubandika vinili juu ya sakafu. Ukirudi, kaza tena bolti za ukutani, gusa kila kichwa cha waya kwenye boksi la fyuzi wakati taa na pampu zinafanya kazi, kisha mwagilia kona zote nne kwa mara ya mwisho. Kichwa chenye joto hakikubanwa vizuri: kikate, ubane kipya.